Kufufua chenso ya zamani: kuanzia imenoki mpaka inakula gogo, hatua kwa hatua

Chenso nyingi za zamani zinazotupwa huwa hazijafa, zimepata tundu. Yaani kuna sehemu inavuta hewa isiyotakiwa, sili imekauka, mpira wa kabureta umepasuka, gasketi imekata, basi mashine inaanza kulia vibaya, mwenyewe anashika bisibisi anazungusha skrubu za kabureta huku na huku, inakubali siku mbili tatu, afu siku moja inapiga kelele kali kuliko kawaida na kuzima kabisa. Imenoki. Anaitupa stoo na anakwambia kabureta ilikuwa mbovu.

Mi nimeshafungua za kutosha na naomba ushike jambo moja kabla hatujaenda mbali, pima kwanza ndo urekebishe, na rekebisha kwanza ndo uongeze nguvu. Mpangilio huu wote hapa chini umekaa hivyo makusudi, usiruke hatua.

Kuchagua ya kuanza nayo

Ninaposema chenso ya zamani nazungumzia zile za chuma kitupu, kuanzia kizazi cha Stihl Contra ya 1959 iliyokuja bila gia, klachi inazungusha cheni moja kwa moja, mpaka za miaka ya 1980. Hapo katikati kuna Homelite XL-12, McCulloch za manjano, Jonsered nyekundu, Husqvarna 266 na 2100, Stihl 041, 051 na yale majitu 070 yenye cc 106 na 090 yenye cc 137. Mashine za kipindi kile karibu kila kitu kinafunguka kwa skrubu na kinarudi, hakuna kompyuta ndani, na ukiielewa moja umeelewa familia nzima.

Kama ndo mara ya kwanza usianze na jitu la cc 100. Tafuta ya cc 50 hadi 65, modeli iliyouzwa sana, maana spea zake bado zinatengenezwa mpaka leo. Kabla hujaichukua fanya mambo matatu tu: vuta kamba taratibu uone kama injini inazunguka, itingishe krenki kwa kushika flaiwili juu-chini (ikicheza, beringi zimekwisha), afu angalia kama kesi, yaani mwili wa injini, haijapasuka kwenye miguu ya bolti. Rangi na uchafu visikusumbue. Kesi iliyopasuka au beringi iliyokula nyumba yake ndo vitu vya kukufanya uiache.

Usalama kwanza, na hapa sikimbizi

Chenso hizi zinapiga kelele zaidi ya desibeli 100, masikio yanakufa taratibu bila wewe kujua, vaa vizibo hata kama unawasha dakika moja mezani. Nyingi hazina breki ya cheni, na baa, lile bapa la chuma linalozungukwa na cheni, ikigusa kitu kwa ncha ya juu inaruka kuja usoni kwa kasi ambayo huwezi kuikwepa. Kama modeli yako iliwahi kutoka na breki, itafute uifunge, hiyo ndo modifikesheni ya kwanza kabla ya zote.

Kitu kingine watu hawakijui, kesi za nyingi ya hizi zimetengenezwa kwa magnesiamu. Ukiisaga inatoa unga unaoshika moto mkali mno na ukimwagia maji, moto unaongezeka. Kwa hiyo ukitumia grainda karibu na kesi usiache unga ulundikane, fagia mara kwa mara, weka ndoo ya mchanga mkavu karibu, na petroli iwe mbali kabisa na hapo.

Hatua ya 1: Isome kabla hujaifungua

Toa eksozi, ni bolti mbili au tatu tu. Chungulia ndani ya tundu la moshi uione pistoni, izungushe polepole ishuke na kupanda. Hapa ndipo mashine inakwambia ilikufaje.

Mikwaruzo ya wima upande wa moshi peke yake maana yake mchanganyiko ulikuwa mwepesi, hewa nyingi petroli kidogo, na nyuma yake mara nyingi kuna tundu linalovuta hewa. Mikwaruzo ikizunguka pistoni nzima pande zote, mtu alitia petroli bila oili. Na ukitoa kabureta ukaikuta pistoni upande wa kuingizia imefifia, haina mng'ao, kama imesuguliwa kwa msasa, basi vumbi lilikuwa linapita kwenye filta. Andika ulichokiona, maana ukibadilisha pistoni bila kuondoa sababu, ile mpya nayo itakufa vilevile.

Afu pima kompresheni. Tumia geji ambayo valvu yake iko kwenye ncha kabisa ya kuingia kwenye tundu la plagi, zile za magari zenye mpira mrefu zinasoma chini kwa sababu ule mpira unaongeza nafasi. Fungua akseli mpaka mwisho, vuta kamba mpaka mshale usipande tena. Ukipata kama psi 150, yaani bar 10 hivi, nzuri sana. 120 bado inafanya kazi. Chini ya 100 kuna ringi au silinda ya kushughulikia. Kama mashine ina kile kitufe cha kupunguza kompresheni wakati wa kuwasha hakikisha kimefungwa, maana hakichelewi kukupa namba ya uongo.

Mwisho angalia cheche. Chomoa kwanza waya wa swichi ya kuzimia, maana swichi yenye kutu ikigusana na kesi inaua cheche na utahangaika na koili nzima bure.

Hatua ya 2: Kuvua

Safisha kabla ya kufungua. Brashi, mafuta ya taa, hewa ya kupuliza. Unga wa mbao uliochanganyika na oili unakuwa mgumu kama lami, na kipande kidogo kikiingia ndani ya injini kinaharibu kila kitu.

Piga picha kila unapotoa kitu, nyingi kuliko unavyodhani unahitaji. Bolti za hatua moja weka kwenye kopo moja na uandike juu.

Klachi inafunguka kinyume, yaani unaizungusha kama unakaza ndo inalegea, nati ya flaiwili kwa kawaida ni ya kawaida. Ili krenki isizunguke unapofungua, ingiza kamba laini kupitia tundu la plagi, pistoni ikija juu inabanwa na kamba. Lakini pistoni iwe imeshapita tundu la moshi inapopanda, la sivyo kamba inaingia kwenye lile tundu na kukatika au kuvunja ringi. Usitumie bisibisi badala ya kamba, utatoboa kichwa cha pistoni.

Flaiwili ikigoma kutoka usiigonge kwenye mapezi. Rudisha nati mpaka iwe sawasawa na ncha ya krenki, inua mashine kwa kushika flaiwili ili uzito uning'inie kidogo, gonga ile nati mara moja kwa nyundo ya plastiki au shaba. Inatoka. Angalia na ile kii ndogo, kipande cha chuma kinachoshikilia flaiwili kwenye krenki, ikiwa imekatika hata kidogo taimingi imehama, ndo maana mashine nyingine zinakurudishia kamba mkononi kwa nguvu.

Hatua ya 3: Kupima uvujaji, hatua yenyewe

Hii ndiyo wengi wanairuka na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Injini ya 2-stroke inatumia tumbo lake, pale krenki inapokaa, kama pampu, mchanganyiko unaingia humo kwanza ndo unapanda juu kwa njia za pembeni. Kwa hiyo tundu lolote kwenye tumbo ni sawa na kabureta inayotoa petroli pungufu, na hakuna skrubu inayotibu hilo.

Unahitaji pampu ya mkono inayoweza kusukuma hewa na pia kufyonza, yenye geji. Kata kipande cha tyubu ya tairi, weka kati ya silinda na eksozi, kaza, tundu la moshi limeziba. Ziba upande wa kabureta namna hiyohiyo kwa kipande cha tyubu na bati nene. Plagi iwe mahali pake, pampu unganisha kwenye kitundu cha pumzi, kile kinachopeleka mapigo ya tumbo kwenye kabureta, na kama hakina bomba la nje tumia adapta ya tundu la plagi. Ukipitia kwenye plagi shusha pistoni chini kiasi ambacho njia za pembeni ziko wazi, isije ikawa unapima chumba cha juu peke yake.

Sukuma mpaka bar 0.5. Isizidi, sili zinaweza kutoka. Ikae hapo angalau sekunde 20 bila kushuka. Ikishuka, paka maji ya sabuni kote, chini ya silinda, kwenye maungio ya kesi, kwenye mpira wa kabureta, pembeni ya krenki pande zote mbili, mapovu yatakuonyesha.

Sasa wengi wanaishia hapo, na hapo ndipo wanapoponzwa. Sili ya krenki ina mdomo mwembamba wa mpira unaotazama ndani, ukisukuma hewa kutoka ndani ule mdomo unabanwa kwenye krenki na unaziba hata kama umechoka. Ukifyonza ndo unaachia. Kwa hiyo geuza pampu, fyonza mpaka bar 0.5, na wakati inakaa zungusha krenki polepole. Mwanzoni mwa kazi hii niliwahi kujenga mashine nzuri, pistoni mpya, kabureta safi, kipimo cha kusukuma imefaulu kabisa, kufyonza sikufanya. Ilikata magogo mawili ikanoki. Sili ya upande wa klachi. Kile kipande cha mpira kiliniharibia pistoni mpya, na tangu siku ile sijawahi kuwasha mashine ambayo haijafaulu vipimo vyote viwili.

Hatua ya 4: Sili, mipira, mabomba

Mashine yenye miaka 40 badilisha sili zote mbili hata kama zimefaulu. Ili kuitoa bila kugawa kesi unaipekecha kwa ndoano au unatoboa kitundu kidogo na kukaza skrubu kisha unavuta, ila chunga usikwaruze krenki, mkwaruzo mmoja pale sili inapokaa na hata sili mpya itavuja. Mpya ipake grisi kwenye mdomo, isukume kwa soketi yenye upana unaolingana nayo, iende sawasawa bila kulala upande.

Mpira wa kati ya kabureta na silinda ukunje kwa vidole uangalie mikunjo, mpasuko huwa unajificha hapo. Bomba la petroli, filta ya ndani ya tenki, na kile kipumulio cha tenki badilisha vyote. Kipumulio kikiziba mashine inazima baada ya dakika kadhaa afu ukifungua kifuniko cha tenki inakubali tena, watu wanadhani ni koili.

Hatua ya 5: Pistoni na silinda

Ukikuta silinda ina mistari usikate tamaa haraka. Mara nyingi kilichobaki ni alumini ya pistoni iliyoyeyuka ikajipaka juu ya silinda, na chini yake ukuta ni mzima. Pitisha kucha, ukihisi kitu kimeinuka ni alumini iliyojipaka, ukihisi kucha inazama ni ukuta umechimbika.

Kuitoa ile alumini inategemea silinda imepakwa nini. Zenye nikasili, ule mpako mgumu wa nikeli, tumia asidi ya hidrokloriki kwa kijiti chenye pamba, gusa palipo na alumini tu, itachemka na mapovu, futa, rudia. Lakini zamani nyingi zimepakwa kromu, na asidi hiyo inaila kromu yenyewe, kwa hizo tumia kostiki soda. Vyote viwili vinakula alumini kwa hiyo visiguse sehemu isiyopakwa, ndani ya tundu la moshi kwa mfano. Ukiona mapovu hayakomi sehemu moja hata baada ya alumini iliyojipaka kuisha, kemikali imeshafika kwenye mwili wa silinda, maana yake mpako wa ukuta umetoboka na hiyo silinda imekwisha. Fanya nje penye hewa, glavu na miwani vaa, suuza kwa maji mengi, halafu msasa laini namba 320 au 400 kwa mkono, kwa mizunguko ya mshazari, sio juu-chini.

Pistoni inarudi na mshale ukitazama upande wa moshi. Ncha za ringi zikae kwenye vile vipini vidogo vilivyomo kwenye mfereji. Pima mwanya wa ringi ukiwa umeiingiza peke yake ndani ya silinda, kanuni ni kama milimita 0.1 kwa kila milimita 25 za upana wa silinda, kwa hiyo silinda ya mm 50 uwe kama 0.2. Klipu za pini tumia mpya siku zote na ziba mdomo wa tumbo kwa kitambaa unapozifunga, maana zinaruka, na zikiruka zinaenda hukohuko ndani.

Hatua ya 6: Moto

Kama ni ya platini, ile swichi ndogo inayofunguka na kufunga umeme wa koili, safisha mdomo wa platini kwa msasa laini sana afu futa kwa karatasi safi, hata grisi ya kidole inatosha kuzuia cheche. Mwanya uwe kama mm 0.4 ikiwa imefunguka mwisho. Kondensa ikichoka platini zinaungua haraka na kuwa nyeusi. Kuna vichipu vidogo vya elektroniki vinavyochukua nafasi ya platini na kondensa vyote viwili, mi navitumia kwa mashine za kazi, ila ile ninayotaka ibaki ya asili naiachia platini zake.

Mwanya kati ya koili na sumaku za flaiwili mm 0.3 hivi, kipande cha kadi nyembamba kinatosha kupimia, kiweke kati, sumaku itaivuta koili yenyewe, kaza bolti, toa kadi. Plagi mm 0.5. Basi.

Hatua ya 7: Kabureta

Sasa ndo tunaigusa. Kabureta ya chenso haina bakuli wala boya kama ya pikipiki, ndo maana inafanya kazi hata ukiigeuza chini juu. Ina ngozi mbili nyembamba, yaani diaframu. Moja inapigwa na mapigo ya tumbo la injini na kuvuta petroli kutoka tenki, nyingine inahisi mvuto wa injini, inasukuma kijiko kidogo, kijiko kinainua sindano, petroli inaingia. Ngozi zikikauka zikawa ngumu kama karatasi, na petroli zenye ethanoli zinazikausha mapema, hicho kijiko hakisukumwi vya kutosha, mashine inakosa petroli.

Nunua seti ya spea za matengenezo kwa namba iliyopigwa mhuri kwenye kabureta yenyewe, iwe Tillotson, Walbro au Zama, sio kwa jina la chenso. Fungua kila kitu, safisha, puliza kila kitundu. Usiingize waya kwenye vitundu, vina kipimo na ukikipanua kidogo tu tuning haitakaa. Mpangilio wa gasketi na ngozi ndo unawachanganya wengi: kwenye nyingi, upande wa kijiko gasketi inakaa kwanza kwenye mwili wa kabureta ndo ngozi, upande wa pampu ngozi inakaa kwanza ndo gasketi. Picha ulizopiga zitakuokoa hapa. Urefu wa kijiko, kwenye Tillotson nyingi za zamani kinalala sawasawa na sakafu ya kachumba chake, Walbro wana vipimo vyao, fuata karatasi yao. Kikiwa juu mno petroli inafurika, kikiwa chini mno inakosa.

Ukimaliza unganisha ileile pampu kwenye mdomo wa petroli, sukuma mpaka bar 0.7, isishuke. Ikishuka sindano haikai vizuri.

Hatua ya 8: Petroli na oili

1:50 ni ml 20 za oili kwa lita, 1:40 ni ml 25, 1:25 ni ml 40. Mashine nyingine kuukuu zimeandikwa 1:16 kwenye tenki, hizo ni oili za enzi zile. Kwa oili nzuri ya leo ya 2-stroke inayopozwa kwa hewa, yenye alama ya JASO FD, mi natia 1:32, ml 31 hivi kwa lita, kwenye zote za zamani na zote nilizoongeza nguvu. Usitie oili ya injini za boti, ile imetengenezwa kwa injini inayopozwa na maji. Na ukibadilisha kiasi cha oili tuni upya, maana oili ikiongezeka petroli halisi inayopita kwenye kitundu kilekile imepungua.

Hatua ya 9: Baa, cheni, na oili ya cheni

Mashine nzuri yenye cheni butu ni mbovu. Sasa cheni hii tunayotumia leo ilitokana na mdudu, mwaka 1946 mkata magogo mmoja wa Oregon, Joseph Buford Cox, alimtazama funza akila mti kwa taya mbili zinazokwangua kulia na kushoto badala ya kukata kama msumeno, akatengeneza jino la umbo hilo. Ukijua hivyo unaelewa kwanini kona ya jino ndo kila kitu, ile ncha ya juu pembeni ndiyo inayoingia kwenye mti.

Kujua saizi ya cheni, ambayo inatajwa kwa inchi, pima umbali wa ripiti tatu zinazofuatana ugawe kwa mbili. Tupa ya mviringo kwa .325 ni mm 4.8, kwa 3/8 kubwa ni 5.5 au 5.2, kwa 3/8 ndogo ni 4.0, kwa .404 ni 5.5. Nyuzi 30, meno yote yawe na urefu sawa, sukuma kwa mbele tu, usirudishe tupa ikiwa inagusa. Yale madole ya mbele ya jino yashuke mm 0.65 hivi chini ya jino, ukiyashusha zaidi kwa tamaa ya kukata haraka mashine inarusha teke.

Baa ipige tupa bapa kwenye kingo mpaka zilingane, kwangua mfereji, zibua kitundu cha oili, na uwe unaigeuza kila ukinoa. Kujua pampu inafanya kazi washa, elekeza ncha kwenye kitu cheupe, piga resi, uone mstari wa oili.

Hatua ya 10: Kuwasha na kutuni

Skrubu za L (petroli ya mwendo wa chini) na H (ya mwendo wa juu) zikaze taratibu mpaka ziguse, usizibane, kisha zirudishe mzunguko mmoja mmoja. Huo ni mwanzo wa modeli nyingi. Washa, ipashe moto dakika kadhaa, baa na cheni vikiwa mahali pake na filta safi.

Anza na L. Zungusha mpaka upate sailensa, yaani mzunguko wa injini ukiwa umeachia akseli, ya juu kabisa, afu fungua kidogo, kama robo, mpaka ukibonya akseli inaitika palepale bila kusita. Kisha skrubu ya sailensa mpaka cheni isimame kabisa, mizunguko kama 2,500 hadi 2,800 kwa dakika.

H ndo ya kusikiliza. Fungua akseli yote mashine ikiwa hewani, isikike kama inagugumia, inabofoka-bofoka kama pikipiki ya 4-stroke, ukiiingiza kwenye mti ule ugugumizi unakatika na sauti inakuwa safi. Hapo ndo penyewe. Ikiwa hewani inalia safi na kali bila ugugumizi wowote, zima haraka, iko nyepesi, fungua H. Sauti tamu ya juu ndo inayoua pistoni. Ukiwa na takometa fuata namba ya kitabu cha modeli yako, usichukue 13,000 za mashine za kisasa ukaipa ya 1965.

Na ukiachia akseli ikachelewa kushuka, inaning'inia juu sekunde mbili tatu, rudi hatua ya 3. Usijaribu kuificha kwa L.

Sasa kuongeza nguvu

Mashine ikishafanya kazi vizuri tenki tano hivi ndo uanze kuwaza haya.

Eksozi ndo ya kwanza na mara nyingi inatosha. Zile za zamani zinabana moshi sana. Pima eneo la tundu la moshi kwenye silinda, kisha fanya jumla ya matundu ya kutokea kwenye eksozi yafike kama asilimia 80 ya eneo hilo, usizidishe. Kile kichujio cha kuzuia cheche kibaki, moshi usielekee kwenye tenki wala mkononi. Ukishafungua eksozi lazima ufungue na H kidogo, maana hewa imeongezeka, ukiwasha bila kutuni umeiua mwenyewe.

Ya pili ni kubana kichwa, yaani kutoa gasketi ya chini ya silinda na kutumia silikoni inayovumilia petroli. Kabla ya hapo pima nafasi kati ya pistoni na kichwa, ingiza waya wa lehemu kupitia tundu la plagi mpaka uguse ukuta, kwa mstari wa pini ili pistoni isiinamie upande, zungusha krenki ipite juu, toa upime kilichobanwa. Nafasi ya mwisho isipungue mm 0.5. Mfano lehemu imesoma 0.9 na gasketi ni 0.4, ukiitoa umefika 0.5 na unaishia hapo. Ikisoma 0.7 na gasketi ni ileile, iache.

Ya tatu ni taimingi, unasaga kii kidogo ili flaiwili isogee, cheche ipige mapema kiasi. Kidogo sana. Kamba ikianza kurudi mkononi umezidisha.

Kupanua matundu ya silinda nakuomba usianze nayo kwenye silinda unayoipenda, jaribu kwenye iliyokwisha. Upana wa tundu la moshi ukiuvusha asilimia 65 ya upana wa silinda unaanza kuhatarisha ringi, maana inachomoka na kunasa. Ncha za ringi zisipite kabisa kwenye tundu lolote. Kila ukingo uliokata ulainishe kwa mshazari, la sivyo mpako wa ukuta unabanduka na ringi inakwanguliwa kila inapopita. Na ukishapanua huwezi kurudisha.

Baada ya tenki tatu za mwanzo fungua tena, kaza bolti za silinda na za eksozi ikiwa imepoa, toa plagi uitazame. Kahawia ya kawaida ni sawa, nyeupe rudi kwenye H na vipimo vya hewa. Mi huwa nachukua kipande cha tepu nakibandika ndani ya kifuniko cha staata na kuandika tarehe, kompresheni, kipimo cha kufyonza kilikaa sekunde ngapi, nafasi ya lehemu, na skrubu za L na H ziko mizunguko mingapi. Mwaka unaofuata ikianza kulia tofauti nafungua kifuniko, nasoma, napima upya, na tofauti ya namba inanionyesha pa kuanzia.